Dawa Tofauti za Kuziba Meno Katika Kinywa Kimoja: Je, Kuna Hatari?

Mtu mzima aliyewahi kuzibwa meno zaidi ya mara moja huenda ana dawa za aina mbili au tatu kinywani: gego lenye kizibo cha rangi ya fedha alichowekewa miaka mingi iliyopita, jino la mbele lenye kizibo cheupe, pengine na kofia ya dhahabu. Wengi huuliza kama dawa hizo zinadhuriana. Kwa kawaida hazidhuriani, na kizibo kizima hakiondolewi kwa sababu tu hakifanani na jirani yake.

Dawa zenyewe

Kizibo cha rangi ya fedha ni amalgamu. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Kompositi, ile nyeupe inayogandishwa kwa taa ya buluu, ni plastiki yenye chembechembe za kioo. Glasi ayonoma nayo ina rangi inayokaribia ya jino. Hushika jino yenyewe na kutoa floraidi kidogo kidogo. Ndiyo inayotumika sana katika mbinu ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, mbinu iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kisha ikaenea duniani.

Madaktari wenyewe huchanganya dawa kwa makusudi. Katika tundu lenye kina wanaweza kutandika glasi ayonoma chini na kuweka kompositi juu. Kizibo cha amalgamu kikimeguka pembeni, huweza kurekebishwa kwa kompositi.

Metali mbili zikigusana

Hapa ndipo pana jambo la kweli. Mate yana chumvi, na chumvi hupitisha umeme. Amalgamu ikigusana na dhahabu kinywani, umeme mdogo hupita kati yake, kama ndani ya betri. Mtu huhisi mchomo mkali wa ghafla anapouma, au ladha ya chuma ulimini. Waliowahi kutafuna kipande cha karatasi ya alumini ya chokoleti kwa jino lenye amalgamu wanaujua mchomo huo.

Mara nyingi hali hii hutokea kizibo kikiwa kipya, kisha hupungua siku zinavyokwenda, kwa kuwa uso wa amalgamu hujifunika utando mwembamba. Isipotulia, rudi kwa daktari. Anaweza kubadilisha kimojawapo. Daktari makini huepuka tangu mwanzo kuweka amalgamu mahali itakapogusana na dhahabu, maana metali hizo zikigusana muda mrefu, amalgamu huliwa na kutu na dhahabu hubadilika rangi. Kompositi na glasi ayonoma hazipitishi umeme, kwa hiyo kuwa nazo karibu na metali si tatizo.

Si kila maumivu baada ya kuzibwa ni umeme. Jino linaloendelea kuuma baada ya maji baridi kumezwa, au linalokuamsha usiku, lina tatizo jingine na lisisubiri.

Karafuu na kompositi

Jino likiuma, watu wengi hutia karafuu au mafuta yake, na kweli hutuliza. Kinachotuliza ni yujeno, na hiyohiyo huchanganywa na oksaidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuziba kwa muda. Lakini yujeno huzuia kompositi kuganda vizuri. Kwa hiyo mweleze daktari ulichotia, hata kama unaona haya, ili asafishe tundu vizuri au achague dawa nyingine. Gundi ya dukani na maji ya betri usitie kabisa. Hayo huunguza fizi na jino lenyewe.

Amalgamu ya zamani iondolewe?

Ikiwa nzima na jino haliumi, iache. Mvuke wa zebaki hutoka kwa wingi zaidi kizibo kinapochongwa, na kila uchongaji hupunguza sehemu ya jino iliyo nzima. Anayekushauri kuondoa zote kwa mkupuo ili "kusafisha mwili" anakuuzia kazi usiyoihitaji.

Kuweka mpya ni jambo jingine. Chini ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, matumizi ya amalgamu yanapunguzwa. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15 wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima.

Ukiona mabaka meupe au mekundu shavuni, mahali panapogusa kizibo, mwonyeshe daktari. Baadhi ya watu hupata mzio wa dawa fulani, na hao huhitaji kizibo kubadilishwa.

Kabla kazi haijaanza, mwambie daktari meno yako yalizibwa lini na kwa dawa gani kama unajua, una mzio gani, na kama una mimba. Akimaliza, muulize jina la dawa aliyotumia, uliandike na ulitunze.