Mtoto Aliyeficha Kidonda

Andiko la somo: Waefeso 6:4

Somo la wiki hii limeanzia nyumbani kwangu, na kusema kweli nilisita kulileta.

Jioni moja kijana wangu wa pili, wakati huo akiwa na miaka saba, alivunja glasi jikoni akajikata kiganja. Hakulia, hakuita mtu. Aliokota vipande, akavitupa nyuma ya nyumba, akafunga mkono kwa soksi na kuingia kitandani. Mamake ndiye aliyeona damu kwenye blanketi. Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alinitazama mimi, si mamake, akajibu: "Niliogopa baba atanisikia nikilia."

Usiku huo sikulala. Mimi ndiye nilikuwa nasimama kanisani nikisema watoto wangu wana adabu. Kumbe ilikuwa hofu. Na hofu hiyo naijua. Marehemu baba yangu akikohoa tu langoni, sote tulinyamaza. Niliapa sitakuwa kama yeye, na bado nikawa.

1. Utu hujengwa mapema

Mwanasaikolojia Erik Erikson, katika kitabu alichotoa Marekani mwaka 1950, alifundisha kwamba utu hujengwa kwa hatua nane, tangu kuzaliwa hadi uzeeni. Katika mwaka wa kwanza mtoto hujifunza kuamini: nikilia, kuna mtu atakuja? Akianza kutembea, anataka kujifanyia mambo. Akifokewa kila mara, anabaki na aibu. Kabla ya kuingia shule anauliza maswali na kubuni michezo. Akinyamazishwa, anajiona mkosaji. Akiwa shuleni anataka kujua kama anaweza. Akiambiwa kila siku ni mjinga, ataamini.

2. Mtoto anahitaji pa kurudi

Hapa jirani, Uganda, Mary Ainsworth alianza mwaka 1954 kutembelea familia za vijijini karibu na Kampala, akiwatazama watoto wachanga na mama zao. Aliona mtoto mwenye uhakika na mamake hutambaa mbali kucheza, hugeuka kumtazama, na akishtuka hurudi mbio. Anathubutu kwenda mbali kwa sababu anajua pa kurudi.

Hebu soma Luka 15. Mwana mpotevu, akiwa kati ya nguruwe, alikumbuka nyumba ya baba yake. Kijana wangu alikuwa ndani ya nyumba ya baba yake, anavuja damu, na hakuwa na pa kurudi.

3. Nidhamu si hofu

Najua mzee mmoja atauliza, "Kwa hivyo tusiwarudi watoto?" La hasha. Katika miaka ya 1960 Diana Baumrind alitofautisha mzazi anayeamuru bila kusikiliza, mzazi anayeachilia kila kitu, na mzazi mwenye msimamo ambaye pia anasikiliza na kueleza sababu. Huyo wa tatu ndiye aliyeonekana kulea watoto wanaojitegemea na kujidhibiti. Paulo naye anawaambia akina baba mambo mawili pamoja: wasiwachokoze watoto, na wawalee katika adabu ya Bwana. Sisi tulishika la pili tukaliacha la kwanza.

Je, nimechelewa?

Hapana. Erikson mwenyewe hakufundisha kwamba hatua iliyoharibika haitengenezeki. Mimi nilianza kwa kumwomba mwanangu msamaha, kitu ambacho baba yangu hakuwahi kunifanyia. Hakuniamini siku hiyo, wala mwezi huo. Lakini mwaka uliofuata mpira wake ulivunja dirisha la jirani, na akaja mwenyewe, anatetemeka, akaniambia. Tulienda pamoja kwa jirani. Dirisha nililipa mimi. Yeye alifagia uwanja wa jirani Jumamosi mbili. Adhabu aliipata, lakini pa kurudi alikuwa napo.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Mtoto wako akikosea leo, atakuja kwako au atakukimbia?
2. Ni jambo gani la malezi yako mwenyewe unalirudia bila kujua?
3. Kuna mtoto, hata kama sasa ni mtu mzima, ambaye unapaswa kumwomba msamaha?

Tuombe: Baba, wewe hukutufungia mlango tulipokosea. Tufundishe kuuacha wetu wazi. Amina.