SOMO: KUIKINGA NA KUITENGENEZA BODI YA PIKAPU ILIYOLIWA NA KUTU

Shabaha ya somo

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili, katibu na wanachama wataweza kueleza kutu inatokana na nini, kupima kiasi cha uharibifu katika bodi ya gari la chama, kufanya wenyewe matengenezo yasiyohitaji fundi, na kutambua mahali ambapo kazi haina budi kukabidhiwa fundi. Mambo haya yanamhusu pia mwanachama mwenye pikapu yake binafsi nyumbani.

1. Kwa nini jambo hili ni la ushirika

Katika Nyahanga na sehemu nyingine za Kahama, pikapu kuukuu hufanya kazi nyingi. Leo hubeba mifuko ya mbolea, kesho marobota ya pamba au magunia ya mpunga, na keshokutwa hukodishwa kubeba mawe ya dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo. Injini ya gari kama hilo huangaliwa kwa sababu ikizimika gari halitembei. Bodi ya nyuma haiangaliwi, kwa kuwa gari hutembea hata ikiwa imetoboka.

Hasara huja polepole. Pamba mbichi ikilala juu ya bati lenye kutu na unyevu hupata madoa mekundu yasiyotoka, na pamba iliyokuwa safi huhesabiwa kuwa fifi. Mbegu na mbolea humwagika njiani kupitia matundu. Bawaba za mlango wa nyuma zikikatika, mzigo huanguka barabarani na huweza kumwua mtu. Na siku gari linapouzwa, mnunuzi hutazama bodi kwanza na kushusha bei, nayo mali hiyo ilinunuliwa kwa fedha za wanachama wote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

2. Kutu ni nini

Chuma hakipatikani ardhini kikiwa tayari. Hupatikana katika mawe, kikiwa kimeungana na oksijeni. Wahunzi Warongo wa upande wa Geita na Buzinza waliyajua hayo kwa kazi zao: waliyeyusha mawe hayo kwa makaa na mivukuto, na majembe yao yakauzwa hata Usukuma. Moto ndio ulioitenga oksijeni na chuma. Kutu ni safari ya kurudi: chuma kikipata maji na hewa pamoja huungana tena na oksijeni, kikageuka unga mwekundu wenye asili moja na jiwe kilimotoka.

Kutokana na maelezo hayo tunapata kanuni tatu.

(a) Bila maji na hewa hakuna kutu. Rangi hukinga bati kwa sababu huvizuia viwili hivyo visilifikie.

(b) Chumvi huharakisha kutu. Chumvi ya mifugo, mbolea za chumvichumvi na mkojo wa ng'ombe, vikichanganyika na maji, hula bati kwa kasi kuliko maji ya mvua peke yake. Mawe ya dhahabu yenye madini ya salfa nayo, yakilowa na kupata hewa, hutoa asidi.

(c) Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huinua rangi kutoka chini, rangi hupasuka, maji huingia zaidi, na kutu huendelea kutambaa chini ya rangi inayoonekana nzima. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo sababu kupaka rangi mpya juu ya kutu ni kujidanganya. Ni sawa na katibu anayeuficha upungufu wa fedha kwa kubadili tarakimu: kitabu hupendeza, lakini upungufu unabaki pale pale na kuongezeka.

3. Wakati wa kufanya kazi

Msimu wa kununua pamba ukisha kufungwa, na kabla mvua za Novemba hazijaanza, kuna majuma ya ukavu ambayo gari halina kazi nyingi. Huo ndio wakati unaofaa. Rangi ipakwe asubuhi baada ya umande kukauka, mahali penye kivuli na pasipo vumbi la barabara. Bati lililochomwa na jua la mchana hukausha rangi upesi mno, nayo hufanya malengelenge.

4. Kukagua

Toa mzigo wote, mbao na mpira wa kutandika. Osha bodi kwa maji mengi na sabuni, juu na chini, kisha iache ikauke kabisa. Gonga kila sehemu kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza: bati zima hulia, bati lililoliwa hutoa sauti iliyokufa. Ingia chini ya gari utazame mataruma yanayobeba sakafu, na boliti zinazoishikiza bodi kwenye chesisi. Halafu panga uharibifu katika madaraja matatu.

Daraja la kwanza: kutu ya juu. Wekundu unaondoka kwa msasa na bati chini yake ni laini.
Daraja la pili: kutu ya vishimo. Bati lina makovu lakini bisibisi haipenyi.
Daraja la tatu: kutu iliyotoboa. Bisibisi hupenya, au tundu linaonekana.

Daraja la kwanza na la pili wanachama wanaweza kulitengeneza kwa msaragambo. Daraja la tatu ni la fundi. Na kutu ikiwa imekula mataruma au chesisi yenyewe, gari lisimame, lisibebe mzigo wala mtu mpaka fundi mwenye ujuzi alitazame.

5. Tahadhari kabla ya kuanza

Vaa miwani, glovu na kitambaa au barakoa puani. Rangi ya magari ya zamani huweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo loweka msasa kwa maji ili vumbi lisiruke, ukaushe bati mara tu ukimaliza, uchafu ukusanywe na watoto wasikaribie. Tina hushika moto upesi. Isitumiwe karibu na jiko wala sigara.

Onyo la pekee ni kwa magari ya ukanda wa dhahabu. Ikiwa gari limewahi kubeba sayanaidi inayotumika kuchenjulia dhahabu, bodi isipakwe asidi ya aina yoyote. Sayanaidi ikikutana na asidi hutoa hewa inayoua kwa dakika chache. Gari hilo lisafishwe kwanza na watu waliofundishwa kazi hiyo.

6. Kutengeneza

Hatua ya kwanza, kukwangua. Tumia tindo na nyundo ndogo kung'oa magamba, kisha brashi ya waya, kisha msasa namba 80. Endelea mpaka bati jeupe lionekane, na upite mpaka wa kutu kwa upana wa vidole vitatu kila upande, kwa sababu kutu imekwisha tambaa chini ya rangi. Malizia kwa msasa namba 120 ili ukingo wa rangi ya zamani uwe laini.

Hatua ya pili, kuua mabaki. Katika vishimo ambamo brashi haifiki, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, kwa kufuata maelezo ya chupa. Dawa hiyo hugeuza mabaki ya kutu kuwa utando mgumu. Maji ya betri yasitumiwe badala yake: huunguza ngozi na macho, na yakibaki katika maungio ya bati huanzisha kutu mpya. Oili chafu nayo isipakwe ndani ya bodi, kwa kuwa hukataa rangi na kuchafua mazao.

Hatua ya tatu, matundu. Fundi akate bati bovu mpaka afikie bati zima, kisha achomelee kiraka cha bati lenye unene unaolingana. Kabla ya kuchomelea, waya hasi wa betri ufunguliwe, hali ya tangi na mipira ya mafuta iangaliwe, na ndoo za mchanga ziwe karibu. Asikubaliwe fundi anayejaza tundu kwa puti. Puti ni ya kusawazisha bati lisilo na tundu. Ikijazwa penye tundu hunyonya maji, na baada ya masika mawili huanguka pamoja na rangi yake.

Hatua ya nne, rangi. Futa bati kwa kitambaa safi chenye tina. Siku ile ile, kabla unyevu wa usiku haujaligusa, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, tabaka mbili nyembamba. Ikikauka paka rangi ya mwisho, tabaka mbili. Usisahau upande wa chini wa sakafu na mgongo wa kila kiraka, kwa maana moto wa kuchomelea huunguza rangi ya pande zote mbili.

7. Hesabu ya rangi

Katibu asiagize rangi kwa kukisia. Tuseme sakafu ya bodi ina urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.5; eneo lake ni mita za mraba 3.6. Kuta zina kimo cha mita 0.4 na mzunguko wa mita 7.8, eneo lake ni mita za mraba 3.12. Upande wa chini wa sakafu ni 3.6 tena. Jumla ni 10.32, na kwa tabaka mbili ni 20.64. Kopo likiwa limeandikwa kwamba lita moja hutosha mita za mraba 10, zinahitajika lita 2.1 za kila aina ya rangi. Hati ya malipo ikionyesha lita 8 za kila aina, wajumbe wana haki ya kuuliza nyingine zimekwenda wapi.

Gharama hizi huandikwa katika hesabu ya matengenezo ya gari. Haziongezwi katika thamani ya gari kwenye mizania, kwa kuwa hazikuongeza mali. Zimeirudisha tu katika hali yake. Kazi iidhinishwe na bodi ya chama kabla ya kuanza, na kila risiti ihifadhiwe.

8. Matunzo

Bodi ioshwe siku ile ile gari linapobeba mbolea, chumvi, mifugo au mawe ya mgodi. Matundu ya kutolea maji yazibuliwe kila juma. Mzigo uwekwe juu ya mbao zilizoinuliwa kidogo ili hewa ipite chini yake. Mpira uliolowa usiachwe sakafuni. Gari lilale likiwa limeinama kidogo upande wa nyuma ili maji yatoke. Kila mwisho wa mwezi dereva na mjumbe mmoja waikague bodi, waandike waliyoyaona katika daftari la gari, na mkwaruzo wowote upakwe rangi kabla haujageuka tundu.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Kwa nini rangi iliyopakwa juu ya kutu haidumu?
2. Kagueni gari la chama chenu, au la mwanachama mmoja. Uharibifu wake ni wa daraja gani, na nani anafaa kuutengeneza?
3. Fundi amesema atajaza matundu kwa puti kwa nusu ya gharama ya kuchomelea. Bodi ya chama imjibu nini, na kwa sababu gani?
4. Pimeni bodi ya gari lenu na mkokotoe kiasi cha rangi kinachohitajika.
5. Gari lenu limebeba nini katika miezi mitatu iliyopita, na lilioshwa lini? Kama daftari halijibu swali hili, kikundi kiamue nani ataanza kuandika, na kuanzia siku gani.