Somo la Mwezi: Kuizunguka Nchi kwa Miguu

Wengi wetu twaijua nchi yetu kwa njia moja tu, ile itokayo nyumbani hadi sokoni, shuleni au kanisani, kisha twarudi kwa njia ile ile. Mtu aweza kwenda hivyo miaka arobaini, naye asijue maji anywayo yatoka wapi, wala ni nani akaaye ng'ambo ya korongo. Mwezi huu twataka kujifunza faida ya kuizunguka nchi, yaani kutoka kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine. Mfano wetu ni Marangu, kusini-mashariki ya Kilimanjaro. Safari yote ni ya siku moja kwa mtu asiye na haraka.

I. Vijia na masale

Tutoke Marangu Mtoni, penye soko na barabara ya lami, asubuhi kabla jua halijawa kali. Punde si punde twaingia katika vijia vyembamba vipitavyo kati ya nyua mbili za majani. Hayo ndiyo masale, mmea wenye majani marefu, ambao Wachagga huupanda mipakani. Isale halifi upesi: likikatwa huchipua, na kipande chake kikichomekwa katika ardhi huota. Kwa hiyo mpaka uliopandwa na babu waonekana hata kwa mjukuu. Tena isale lina kazi ya pili. Mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea isale kuomba msamaha, na kwa desturi ya kale ni vigumu sana kulikataa. Tazameni basi: mmea utenganishao shamba la huyu na la yule ndio huo huo uwapatanishao wagombanapo.

Lakini kijia chenyewe si mali ya mmoja. Mwenye shamba wa kuume akisogeza masale yake shubiri moja tu, na wa kushoto akafanya vivyo hivyo, hakuna atakayepiga kelele mwaka huo. Siku itakuja ambapo mgonjwa atachukuliwa kwa machela, nao wachukuzi hawatapata pa kupita.

II. Kihamba

Kando ya kijia ni vihamba, yaani mashamba yanayoizunguka nyumba, yarithiwayo na watoto. Vihamba vingi havizidi eka mbili, na vingine vimegawanywa hata vimekuwa vidogo mno. Mgeni huona kama msitu, kumbe kila kitu kimewekwa kwa akili. Juu kabisa ni miti mirefu iletayo kivuli na kuni. Chini yake ni migomba, chini ya migomba ni mibuni, na chini ya mibuni ni magimbi na mboga. Viazi vikuu hupanda juu ya miti. Ng'ombe na mbuzi hawazunguki nje, bali hufungwa zizini na kuletewa chakula: majani na magogo ya migomba yaliyokatwakatwa. Samadi yao hurudishwa penye migomba. Hivyo ndivyo ardhi moja imeweza kulisha watu wengi kwa vizazi vingi bila kupumzishwa.

Kahawa ilileta fedha za karo na za mabati. Wakulima waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuata chama kikuu cha ushirika, KNCU. Bei ilipoanguka miaka ya baadaye, wengi waliing'oa mibuni, na vijana wengi wakaenda mijini. Mpitaji atavijua vihamba visivyo na mtu: migomba imesongamana bila kupogolewa, na masale yamekuwa marefu kuliko nyumba.

III. Korongo

Sasa tugeuke kwenda mashariki, kuelekea Mamba. Hapa ndipo miguu inapojifunza. Mlima huu una migongo mingi itelemkayo kutoka msituni, na kati ya mgongo na mgongo kuna korongo lenye mto. Kupanda na kushuka katika mgongo mmoja si kazi kubwa. Kuuvuka mgongo na kwenda wa pili ni kutelemka hadi majini, kisha kupanda tena kwa jasho. Zamani migongo hii ilitawaliwa na Wamangi mbalimbali, nao mara nyingi walipigana. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini korongo lingali pale pale, na wako watu wasiovuka illa kwa mazishi. Anayetembea kwa kuzunguka hana budi kuvuka, na kusalimu, na kuuliza njia. Mara nyingi huyo aulizwaye njia ndiye atakayempa ndizi na maji ya kunywa.

IV. Mfongo

Kutoka Mamba tupande tukifuata mfongo. Mfongo ni mfereji uliochimbwa na wazee kwa zana duni, ukitwaa maji mtoni huko juu na kuyapeleka polepole ubavuni mwa mlima hata yafike mgongoni, palipo na nyumba. Mteremko ukizidi, maji hukimbia na kubomoa kingo; ukipungua, hutuama. Wachimbaji hawakuwa na vyombo vya kupimia, ila macho yao na maji yenyewe. Palipo na bonde dogo walivusha maji kwa magogo yaliyochongwa mfano wa mtumbwi.

Mfongo hauishi bila mapatano. Ukoo wa aliyeuchimba una heshima yake na mzee wake. Kila nyumba ina zamu yake ya maji. Usiku maji hukusanywa katika bwawa dogo liitwalo nduwa, yafunguliwe asubuhi. Siku ya kuzibua matope wote hufika, naye asiyefika hutozwa. Siku hizi wengi wana maji ya bomba, na mifongo mingine imekauka au imeachwa. Mahali pengine ugomvi ni ule wa tangu zamani: mtu wa juu afungua usiku isipokuwa zamu yake, na wa chini aamka akuta mfereji mkavu. Yeye aliye chini hawezi kuona ni nani aliyefungua, ila apande kwa miguu yake.

V. Ukingo wa msitu

Tufikapo ukingo wa msitu, tusimame, maana kuingia ndani kuna sheria zake. Watu wengi hudhani maji ya Kilimanjaro yatoka katika theluji. Sivyo. Sehemu iliyo kubwa hutoka katika mvua na ukungu wa msitu huu. Upande wa kusini, penye kimo cha mita 2,200 hivi, huweza kunyesha mvua ya milimita 3,000 kwa mwaka, hali mji wa Moshi hupata kama milimita 900. Kwa hiyo akataye miti huku juu akata pia zamu ya maji ya jirani aliye mbali. Mwaka 1941 ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili uliwekwa kando ili wenyeji wapate kuni na mbao, na msitu wa ndani usiguswe.

VI. Njia ya kurudi

Tufuate ukingo kwenda magharibi, kisha tuteremke kwa mgongo mwingine hadi Marangu Mtoni. Alasiri tutakutana na akina mama wapandao, kila mmoja na tita la majani kichwani. Wametoka mashamba ya chini, kwenye joto, yanakolimwa mahindi na maharagwe. Wengine siku hizi huletewa majani kwa gari. Mzigo ule ni chakula cha ng'ombe wa kihamba. Hapo twafahamu yote tuliyoyaona tangu asubuhi. Maji hushuka kutoka msituni, majani hupanda kutoka tambarare, samadi huenda penye mgomba, nao mgomba hulisha mtu na ng'ombe. Nchi yenyewe yaenda kwa mzunguko, na kila mahali mzunguko huo wapita mkononi mwa jirani. Akiukata mmoja, wote watapungukiwa.

Shauri kwa walimu

Wachukueni vijana wenu mkazunguke hivyo, mahali popote mkaapo. Mwende na mzee ajuaye mipaka. Msipite uani kwa mtu bila kubisha hodi. Msinywe maji ya mferejini. Kisha wakirudi, waulizwe:

1. Maji tutumiayo yaanzia wapi, na ni nyumba ngapi huyatumia kabla yetu?
2. Ni kijia gani kimesongwa, na ni nani atakayekwenda kusema na wenye mashamba kwa upole?
3. Ni jirani yupi wa ng'ambo ambaye hatujamsalimu mwaka huu?
4. Ni kihamba kipi kimeachwa, na je, mwenyewe ameulizwa kama ahitaji msaada?

Swali la pili lisiahirishwe, kwa kuwa masale hukua kila siku.