Kazi Ileile Kila Siku: Jinsi ya Kukaa Macho Kwenye Duka la Wakala

Kitambulisho, namba ya simu, kiasi, subiri ujumbe, sahihi kwenye daftari. Anayefuata. Kama wewe ni wakala, ama umeajiriwa kukaa kwenye duka la wakala, wimbo huu unaujua vizuri. Kufikia saa tisa mchana pengine unauimba ukiwa umelala macho wazi. Leo tunataka tuongee kuhusu hiyo saa tisa, kwa sababu imemaliza pesa za watu wengi.

Mmoja wetu hapa ofisini alikuwa akisaidia kwenye duka la shangazi yake wakati wa likizo ya chuo. Siku moja mteja akampa shilingi 1,500 amwekee kwenye simu. Yeye akabonyeza 15,000. Hakuwa na haraka, hata foleni haikuwepo. Alikuwa tu amefanya jambo lilelile tangu asubuhi, vidole vikawa vinaenda vyenyewe. Shilingi 13,500 za floti, yaani pesa iliyo kwenye laini ya duka, zikaondoka hivyo. Bahati nzuri mteja alikuwa jirani, akazirudisha jioni. Angekuwa abiria anayepita tu, shangazi angeanza kupiga simu akiomba muamala urudishwe, na kama pesa imeshatolewa, hapo ni kuomba Mungu. Kamisheni ya kuziba shimo kama hilo haipatikani kwa siku moja.

Wengi huita kosa hili uzembe. Kusema kweli, ndivyo akili ilivyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na shida: watu waliotazama rada kutafuta nyambizi za adui walikuwa wakipitwa na alama zilizo mbele ya macho yao. Mtafiti Norman Mackworth akatengeneza kitu kama saa yenye mshale mmoja. Mshale unaruka hatua moja moja, na mara chache sana unaruka mbili. Kazi yako ni kugundua hizo mbili, na unakaa hapo saa mbili nzima. Katika matokeo aliyochapisha mwaka wa 1948, watu walianza kupitwa zaidi baada ya kama nusu saa tu. Na hawa walikuwa wanajeshi! Lakini waliobadilishana zamu kila nusu saa hawakuchoka hivyo, na walioambiwa papo hapo kama wamepata au wamekosa pia walifanya vizuri zaidi.

Basi tusijidanganye kwamba utakaa macho siku nzima kwa kujitia moyo tu. Afadhali uupe mdomo kazi pale ambapo kosa hutokea. Madereva wa treni Japani huonyesha taa kwa kidole na kutaja kwa sauti walichoona, hata wakiwa peke yao. Ukiwaona unaweza kucheka, lakini ukitaja kitu kwa sauti ni lazima ukiangalie kwanza. Wewe pia, kabla ya kubonyeza mara ya mwisho, mwambie mteja: "Naweka elfu moja mia tano, namba inaishia na tatu nne saba, ni sawa?" Ongea kiasi cha yeye kusikia, si stage nzima ya boda boda ijue ana pesa ngapi. Na namba ya siri haitajwi kabisa, yake wala yako. Mteja akitoa pesa, fanya vivyo hivyo: soma ujumbe kwenye simu yako wewe, si ule anaokuonyesha kwenye yake, ndipo uhesabu noti.

Kuhusu kupumzika, tunajua huwezi kufunga duka kila nusu saa. Lakini unaweza kusimama, kupanga noti, kufagia mlangoni, ama kulinganisha floti na pesa taslimu saa nne, saa saba na saa kumi badala ya kungoja usiku. Hesabu ya saa saba ina faida mbili. Inakuamsha, na kama kuna kosa, unatafuta kwenye miamala ya masaa matatu tu, si ya siku nzima. Hayo ndiyo majibu ya papo hapo ambayo wale wa Mackworth walipewa. Andika pembeni ya daftari: "Sawa" ama pengo ni ngapi. Baada ya mwezi utaona saa zako mbaya ni zipi, na kama kuna mtu wa kukushikia duka, aje saa hizo.

Je, moyo? Hapa hatutakuambia utabasamu. Kama kamisheni haitoshi kodi, daftari litakuonyesha hivyo pia, na pengine ni wakati wa kuongeza kalamu na maji ya chupa kwenye kaunta. Ila tumegundua mawakala wanaodumu huwajua wateja wao. Wanajua mama huyu anatuma karo ya Januari, na kijana yule hutumia nyanya yake kila Ijumaa. Kwenye simu miamala yote inafanana. Mezani haifanani.

Kesho jaribu kutaja kwa sauti kwa wateja kumi wa kwanza. Wengine watakucheka. Yule jirani wa 13,500 bado humuuliza mwenzetu kama siku hizi anajua kuhesabu sufuri.