Sufu Yako na Mtambo wa Felti



Huenda jina la felti ni geni masikioni mwako, walakini kitu chenyewe umekiona. Tarbushi nyekundu waliyoivaa askari wa K.A.R. ilikuwa sufu iliyoshindiliwa hata ikawa nguo moja ngumu. Kofia nyingi za pama ni felti, na vinyundo vidogo vipigavyo nyuzi ndani ya piano vimevikwa felti. Kitambaa hiki hakikufumwa. Ukilitazama blanketi waona nyuzi zikipita juu na chini, nawe waweza kuzifumua moja moja. Felti haina uzi hata mmoja. Ni sufu tupu, iliyoshikana yenyewe kwa yenyewe.

Nataka kukueleza mitambo ifanyayo kazi hiyo viwandani. Najua utasema, "Mimi nina kondoo kumi na wanane tu, mitambo ya watu yanihusu nini?" Yakuhusu, kwa kuwa kila kosa lifanywalo siku ya kunyoa kondoo hulala kimya ndani ya gunia hata lifike mbele ya mtambo, na huko ndiko lijulikanako. Mnunuzi atiaye mkono katika gunia lako anautafuta huo mtambo: anataka kujua utakutana na nini.

Kwanza, usichanganye sufu na sufi. Sufi hutoka katika tunda la msufi, nasi huitia ndani ya mito. Uiloweshe na kuipiga upendavyo, haitashikana, wala pamba haitashikana. Sufu ya kondoo ina jambo ambalo hizo hazina. Unyoya mmoja wa sufu ukitazamwa kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo, waonekana umevaa magamba kama samaki, nayo yote yameelekea nchani. Kwa hiyo unyoya huteleza vema ukienda upande wa shina lake, lakini ukitaka kurudi magamba hukwama. Sufu ikipata maji ya moto na sabuni, ikasukwasukwa na kukandamizwa, kila unyoya hutambaa kuelekea shina lake, huingia kati ya wenzake, wala haurudi tena. Rundo hupungua upana na kuongezeka ugumu.

Jambo hili nalilijua kwa fimbo kabla ya kulijua kwa kitabu. Nilipokuwa mwanafunzi wa misheni nalipewa fulana ya sufu ya mwalimu niifue. Nikaona maji baridi hayaondoi jasho, nikaichemsha, nikaisugua juu ya jiwe kama kanzu. Ilipokauka ilimfaa mtoto wa miaka mitatu. Nalitengeneza felti bila kujua.

Watu wa nyika za Asia waliijua kazi hii tangu kale. Katika makaburi ya Pazyryk, kwenye milima ya Altai, wachimbaji wa karne ya 20 walikuta vitu vya felti vilivyohifadhiwa na barafu kwa zaidi ya miaka 2,000. Wamongolia hutandaza sufu, huinyunyizia maji, huizungusha juu ya gogo, kisha huifunga nyuma ya farasi na kuiburuta mpaka ikaze. Ndiyo waifunikiayo nyumba zao. Mitambo haikuleta siri mpya. Imeichukua kazi ya mikono na ya farasi, ikaigawa sehemu sehemu.

Sehemu ya kwanza ni kuosha. Sufu hupitishwa katika mabirika marefu yaliyofuatana, yenye maji ya vuguvugu, sabuni na magadi, na reki za chuma huisukuma polepole. Nasema polepole, kwa kuwa ikipigwa hapo itashikana kabla ya wakati wake na kuharibika. Sufu mbichi imejaa mafuta, nongo na vumbi. Katika ratli 100 si ajabu kupata ratli 50 au 60 tu za sufu safi. Ndiyo maana mtu atiaye mchanga katika gunia ili lizidi uzito hamdanganyi mnunuzi hata kidogo; mnunuzi hununua kwa hesabu ya kitakachobaki baada ya maji.

Baada ya kukauka, sufu huingia katika mtambo wa kuchana, na hapa nakuomba usome kwa makini. Fikiri gogo kubwa la chuma, refu kuliko mtu, lililozungushwa mshipi wenye meno membamba ya waya, maelfu kwa maelfu, yamesongamana kama manyoya ya paka. Kando yake yapo magogo madogo yenye meno kama hayo, nayo yamekaribiana sana na lile kubwa bila kuligusa. Yote huzunguka, kila moja kwa mwendo wake. Sufu hunaswa kati yao, huvutwa, hupokezanwa, mpaka kila kifundo kimefunguka na kila unyoya umesimama peke yake. Mwisho kitana cha chuma kitikisikacho huikwangua sufu kutoka gogo la mwisho, nayo hutoka kama utando wa buibui, mwepesi hata mwanga hupita.

Sasa tia ndani ya mtambo huo kijiwe kimoja, au kipande cha waya wa ua. Meno huvunjika au kulala, na mtambo husimamishwa mpaka yatengenezwe. Tia mbegu za kishona nguo. Meno hayazivunji kitu kimoja na kuzitupa. Huzipasua vipande vidogo vingi, vikaenea katika utando wote. Kiwanda chaweza kuziondoa mbegu kwa kuilowesha sufu katika tindikali ya salfa iliyozimuliwa, kuikausha kwa moto mpaka takataka za mimea zigeuke makaa, kisha kuzisaga na kuzikung'uta. Lakini kazi hiyo ni gharama, tena huipunguzia sufu nguvu. Gharama hiyo hailipwi na kiwanda. Hutolewa katika bei yako.

Utando mmoja hauwezi kuwa kitu. Mtambo mwingine huukunja kwenda na kurudi, tabaka juu ya tabaka, moja likikingama juu ya jingine, kwa sababu mchano huzilaza nyoya upande mmoja, na felti ya nyoya zilizolala upande mmoja ingepasuka kama ubao kwa urefu wake. Idadi ya matabaka ndiyo iamuayo unene.

Kisha godoro hilo hupata mvuke, likawekwa kati ya mabamba mawili mapana ya chuma. La chini limetiwa moto. La juu hulala kwa uzito wake na kutetemeka kwa mizunguko midogo, kama kiganja cha mama asuguaye nguo. Kwa dakika chache nyoya hushikana kiasi cha kuweza kuinuliwa. Lakini bado ni laini. Hapo huingia katika kinu. Nakiita kinu kwa kuwa ndivyo kilivyo: birika lenye nyundo nzito za mti zinazoitwanga sufu iliyolowa maji ya moto yenye sabuni au tindikali hafifu, wala haziichomi kama mchi, bali huisukuma na kuigeuza. Kila pigo huifupisha. Fundi huitoa mara kwa mara, huinyosha na kuipima, maana ikipita kipimo hakuna awezaye kuirudisha, kama fulana ya mwalimu wangu. Baadaye huoshwa, hutiwa rangi ikitakiwa, hukaushwa na kupigwa pasi.

Iko namna ya pili ya mtambo isiyohitaji maji wala mvuke, nayo yastahili kukutia wasiwasi kidogo. Ni ubao wenye maelfu ya sindano zilizoelekea chini, na kila sindano ina vijino vidogo kandokando. Ubao hupanda na kushuka mamia ya mara kwa dakika moja, na mitambo ya siku hizi hupita 1,000. Kila ushukapo, vijino huzinasa nyoya za juu na kuzipeleka chini, zikabaki huko zimesokotana. Mtambo huu hautegemei magamba. Kwa hiyo waweza kutengeneza felti ya nyuzi za jute, na hata ya nyuzi zitengenezwazo kwa mafuta ya petroli, ambazo hazina mbegu, hazina mavi wala mchanga. Kiwanda kilichochoshwa na sufu chafu kina mahali pengine pa kwenda. Sufu ya kondoo bado yashinda katika kazi nyingi, kwa kuwa hunyonya mafuta na maji, haishiki moto upesi, na hukazwa kwa kinu kuliko nyuzi hizo. Lakini yashinda ikiwa safi.

Nitakueleza lililotupata. Katika wilaya moja nilikofanya kazi, wenye kondoo walikusanya sufu yao pamoja ili wapate kujaza marobota. Magunia hayakutosha, basi sufu nyingine ikafungwa matita kwa kamba ya katani. Siku ya kushindilia marobota kamba zikakatwa kwa panga, na vipande vikabaki ndani. Unyoya wa katani hauna magamba wala haushiki rangi ya sufu. Felti ilipotiwa rangi nyekundu, zile nyuzi zikaonekana nyeupe kama mvi. Bei ya marobota yote ikapunguzwa, hata sehemu ya mjane mmoja aliyeleta sufu safi isiyo na doa. Alisimama katika mkutano akaniuliza, "Bwana Shamba, kosa langu mimi ni lipi?" Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa aliyewaambia wafunge kwa katani nalikuwa mimi.

Basi, siku ya kunyoa iwe siku kavu, na kondoo awe mkavu. Sufu iliyofungwa mbichi hupata joto na kuoza. Nyolea juu ya turubai au sakafu iliyofagiwa. Usitandike mkeka wala gunia kuukuu, maana nyuzi zake huambatana. Majuma kadhaa kabla ya hapo, usiwalishe kondoo mahali penye kishona nguo. Usiwatie alama kwa lami wala rangi ya mafuta, kwa kuwa haitoki katika maji ya kuoshea. Kondoo weusi na wa madoa wanyolewe mwisho, na sufu yao iwekwe mbali. Unyoya mweusi mmoja katika felti nyeupe huonekana. Vibonge vya mavi vikatwe na kutupwa kando. Kamba ya katani isikaribie mahali hapo.

Sufu ya tumboni na ya miguuni ni fupi, na wengi huitupa, au huificha katikati ya ile ndefu. Yote mawili ni hasara. Mfumaji wa nguo hutaka sufu ndefu, bali mtambo wa felti huipokea fupi pia, ilimradi imetengwa katika gunia lake na ni safi.

Tena, si kondoo wote walio sawa. Kondoo wetu mwekundu wa Kimasai ni mzuri kwa nyama, lakini amevaa nywele, nazo hazifai hapa. Merino ndiye ashikanaye upesi kuliko wote. Corriedale ana damu ya Merino, naye hufaa. Hampshire, ingawa ana sufu, hushikana kwa shida.

Waweza kuijaribu sufu yako nyumbani kabla ya kuiuza. Chukua kiasi cha kujaza kiganja, uioshe polepole kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uichambue kwa vidole mpaka isiwe na kifundo. Iloweshe tena kwa maji ya moto kadiri mkono uwezavyo kuvumilia, itie sabuni, uiviringishe kati ya viganja, kwanza bila nguvu, kisha kwa nguvu, kwa muda wa robo saa. Ikiwa tonge gumu lisilofumuka ukilivuta, andika hivyo katika karatasi pamoja na aina ya kondoo, uishone karatasi juu ya gunia kwa uzi wa pamba. Ikibaki laini na kufunguka, usiitie pamoja na ile nyingine. Ishindilie katika gunia lake na uiandike jina lake, kwa kuwa wako wanunuzi waitafutao sufu isiyoshikana kwa kutia ndani ya magodoro na kufumia soksi.