Bei ya Neno: Mafunzo Niliyopata Nikitafsiri kwa Kujitegemea

Natafsiri nyaraka kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili hapa Dar es Salaam: madodoso ya utafiti, fomu za ridhaa, miongozo ya mafunzo, mara mojamoja mikataba. Sina mwajiri. Kuhusu bei, haya ndiyo niliyojifunza.

1. Usitaje bei kabla hujaiona kazi. Simu inaita: "Kaka, kwa ukurasa unachaji shilingi ngapi?" Ukurasa upi? Kuna wenye maneno 250 na nafasi tele, na kuna wa dodoso, majedwali matupu na maandishi ya sisimizi, wenye maneno 600. Mimi huomba faili kwanza, kisha nahesabu maneno ya matini chanzi. Nahesabu ya Kiingereza kwa makusudi: Kiswahili hukusanya nafsi, wakati na kitenzi katika neno moja, kwa hiyo tafsiri mara nyingi hutoka na maneno machache. Ukilipwa kwa hesabu ya Kiswahili umejipunja. Isitoshe, hesabu ya chanzi inajulikana kabla hujaanza, hivyo hakuna atakayedai umerefusha sentensi ili ule zaidi.

2. Ijue thamani ya siku yako. Tafsiri safi, iliyopitiwa, ya maneno 2,000 inakula siku nzima. Kodi ya nyumba, bando, umeme na zile siku ambazo kazi haiji, vyote vinatoka humo. Kiasi unachohitaji kwa siku kigawanye kwa 2,000. Chini ya hapo usishuke.

3. Kumbuka kodi ya zuio. Mashirika na kampuni nyingi hukata asilimia 5 ya malipo ya huduma na kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Chukua maneno 6,000 kwa shilingi 60: ni 360,000, lakini mkononi inafika 342,000. Ukitaka ifike 360,000 kamili, usijumlishe asilimia 5, maana itapelea. Gawanya kwa 0.95, upate kama 379,000. Na udai cheti cha kodi iliyozuiwa. Utakihitaji kwenye hesabu zako za mwaka.

4. Punguza kazi, bei iache. "Bajeti yetu ndogo, tufanyie kishkaji, kazi zipo nyingi mbele." Hizo za mbele zikija, zitakuja na bei hiyohiyo ya kishkaji. Jibu langu: "Sawa dada, kwa hela hiyo nitatafsiri dodoso, viambatisho mbaki navyo." Au naondoa tafsiri rejeshi (kurudisha Kiswahili kwenye Kiingereza ili kukagua), au naomba wiki moja zaidi. Mara nyingi, kabla siku haijaisha, bajeti inaongezeka. Sijui huwa inatoka wapi. Kazi inayoletwa Ijumaa jioni na kutakiwa Jumatatu asubuhi nayo ina bei yake, na sioni haya kuitaja.

5. Mliyokubaliana kwenye simu yaandike kwenye barua pepe siku hiyohiyo: idadi ya maneno, bei, tarehe ya kukabidhi, marekebisho mara ngapi, malipo baada ya siku ngapi. Mteja binafsi atoe kianzio, nusu kwa nusu. Mashirika makubwa hayatoi kianzio kirahisi, kwa hiyo kwao dai LPO (hati rasmi ya kuagiza kazi) au mkataba uliosainiwa. Ukikosa kianzio, LPO na mkataba vyote, usianze kutafsiri hata sentensi moja.