Uthabiti wa Moyo Wakati wa Dhiki
Somo: Warumi 5:1-5



Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Rumi, aliyapanga mambo manne kama vidato vya ngazi: dhiki, saburi, uthabiti wa moyo, na tumaini. Sisi twapenda kufika kwenye tumaini pasipo kukanyaga vidato vya chini. Basi mwezi huu na tujifunze habari za kidato cha tatu, ambacho wasomaji wengi hukipita upesi.

1. Maana ya neno. Neno la Kiyunani alilolitumia Mtume ni dokime, yaani hali ya kitu kilichojaribiwa kikaonekana kuwa cha kweli. Fedha safi na fedha yenye takataka zaweza kufanana mkononi, lakini motoni zaachana. Kwa hiyo uthabiti wa moyo si ukali wa uso, wala si kukosa machozi. Bwana wetu mwenyewe alilia kwa ajili ya Lazaro (Yohana 11:35). Mtu thabiti ni yule aliyejaribiwa, akaonekana kuwa ndani ni yule yule wa nje, hata watu wakaweza kumtegemea.

Tena angalieni mwanzo wa somo letu. Dhiki peke yake haimfanyi mtu kuwa mwema. Wako ambao dhiki imewatia uchungu na husuda. Paulo aanza na amani tuliyo nayo kwa Mungu kwa imani, ndipo ataje dhiki. Hatuvumilii ili Mungu apate kutupokea. Twavumilia kwa sababu amekwisha kutupokea.

2. Mfano wa Yusufu. Yusufu alikuwa na umri wa miaka 17 habari zake zinapoanza, naye alikuwa na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao (Mwanzo 37:2, 41:46). Katika miaka ile aliuzwa, akasingiziwa, akafungwa, akasahauliwa na mnyweshaji miaka miwili mizima. Hakuambiwa siku ya mwisho wa taabu yake. Je, alifanya nini? Alitunza nyumba ya bwana asiyekuwa ndugu yake. Gerezani aliwatazama wenzake asubuhi, akawauliza sababu ya huzuni yao (Mwanzo 40:6-7). Hayo ni mambo madogo. Lakini Farao alipomkabidhi ghala za Misri, kazi ilikuwa ile ile ya kutunza mali na uhai wa wengine. Ilikuwa imeongezeka tu.

3. Mfano wa wazee wetu. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hata 1918, Serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wajerumani hao nchini mwaka 1920. Wakati huo hapakuwa na Mchaga hata mmoja aliyebarikiwa kuwa mchungaji; wa kwanza walibarikiwa mwaka 1934. Waliobaki ni waalimu na wazee wa sharika. Hao ndio walioongoza ibada, wakafundisha watoto, wakawatazama wagonjwa. Walutheri wa Marekani walikuja kusaidia baada ya muda, na tangu mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi. Waliporudi hawakukuta kundi lililotawanyika. Walikuta sharika zilizo hai. Kuondoka kwa wageni hakukuwapa wazee wale imani. Kulidhihirisha imani waliyokuwa nayo.

4. Yatupasayo sisi. Katika Kilimanjaro watu huteremsha maji kutoka mtoni hata mashambani kwa mifereji waliyoichimba babu zao. Mfereji usiosafishwa hauleti maji siku za jua kali, ingawa mto umejaa. Mto si kazi ya mikono yetu, ni neema. Lakini kusafisha mfereji kumewekwa mikononi mwetu, kila siku: kusali, kusikia Neno, kusema kweli, kulipa deni, kutimiza ahadi.

Na tutazame jambo lenyewe. Ni mwaka wa ukame. Mtunza hazina ana sadaka ya usharika sandukuni, na nyumbani hakuna unga. Moyo wamwambia, "Chukua kidogo, utarudisha baada ya mavuno." Hakuna amwonaye. Siku hiyo imani yake haiulizwi kwa maneno ya Katekisimo. Yaulizwa kwa ufunguo alio nao mfukoni. Afanyeje? Asiufungue mkono wake, wala asijifungie na njaa yake. Na aende kwa wazee aseme wazi, "Ndugu zangu, watoto wangu hawana chakula." Ni aibu kusema hivyo, lakini ni ndogo kuliko ile nyingine.

Nanyi wazee, msimrudishe mikono mitupu. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Usharika unaomtaka mtu awe mwaminifu, kisha ukamwacha peke yake na njaa, umejaribiwa nao, ukaonekana umepungua. Tumeagizwa kuchukuliana mizigo (Wagalatia 6:2), na mizigo ya ndugu mwaminifu ndiyo mara nyingi isiyoonekana, kwa kuwa hainung'uniki.

Maswali ya kutafakari nyumbani:
1. Ni jambo gani dogo nililokabidhiwa ambalo hakuna anikaguaye?
2. Dhiki iliyopo inaniletea saburi, au inanitia uchungu?
3. Ni nani karibu nami aliye mwaminifu katika taabu, nami sijamwuliza hali yake?

Mungu wa saburi na faraja awathibitishe mioyo, ili tumaini lenu lisitahayarike. Amina.